Chepkurui Anakwenda Kuchukua Ng'ombe

Mwaka ule wa vyama vingi, hakuna mtu aliyeviudhi vyama vyote kwa usawa kama mama mzee mmoja wa upande wa Sotik aliyeitwa Chepkurui. Wengine walichagua upande wao, wakavaa kofia yake na kuinua kidole chake: kimoja kwa waliokuwa wakitawala, viwili kwa waliotaka kutawala. Chepkurui aliwatazama wote pale kituo cha kupimia majani chai, kikapu kikiwa bado mgongoni, akasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Mimi nakamua ng'ombe na vidole kumi na bado maziwa haitoshi. Hawa wanataka kujenga nchi na kidole moja. Wale wengine wameongeza, wamefika mbili. Haya, tungojee."

Kituo kizima kikacheka. Karani wa mizani aliyekuwa amevaa kofia ya chama aliivua, akaiangalia, akaicheka pia, kisha akaivaa tena kwa sababu jua lilikuwa kali.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Bochaberi, jirani yake. Bochaberi alikuwa Mkisii aliyeishi kati ya Wakipsigis. Mumewe Nyakundi aliendesha trekta katika shamba kubwa la chai huko Kericho na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo siku nyingi alikuwa peke yake na watoto wawili wadogo, huku mtoto wake wa kwanza, Sagini, akiwa kwa bibi yake Kisii kwa ajili ya shule. Baba mkwe wake ndiye aliyenunua kipande kile cha ardhi zamani, akakipanda chai, na akazikwa humo humo.

Kumpenda Chepkurui kulihitaji moyo. Mama huyo alikuwa na neno kwa kila kitu kilichozaliwa baada yake. Mhubiri mpya alipofunga vipaza sauti pale Sotik na kukemea mapepo mpaka madirisha ya posta yakatetemeka, Chepkurui alisema, "Kwani Mungu amekuwa kiziwi lini? Mbona sisi hatukuambiwa?" Kanisani kwake mwenyewe mheshimiwa alipopewa mimbari, akasoma mstari mmoja wa Warumi kisha akahutubia saa nzima juu ya barabara ya lami, aliinuka akajifunga leso. "Sasa nimejua," akasema akitoka, "kumbe Paulo alikuwa diwani." Vijana waliopaka nywele mafuta zikawa mawimbi aliwauliza kama wamenyeshewa. Yule bwana wa mifugo aliyepita na pikipiki akizalisha ng'ombe kwa sindano alimfukuza na fagio. "Ndama gani huyo asiye na baba? Nikiulizwa ukoo wake nitaonyesha risiti?"

Bochaberi alikuwa na kiraka cha mapenzi moyoni kwa maneno hayo, na kiraka kingine cha kuchoka. Siku fulani alivaa suruali ya Nyakundi ndani ya sketi kwa ajili ya baridi ya kuchuma chai alfajiri, na mama mzee akamwambia mbele ya wanawake wote, "Mke wa Nyakundi, mzee wako akirudi atasalimia nani?"

Lakini kitu kilichowafunga wawili hao hakikuwa maneno. Kilikuwa ng'ombe.

Wakipsigis wa zamani hawakuweka ng'ombe wao wote katika boma moja. Ugonjwa ukija, au wezi, mtu hubaki na fimbo mkononi. Basi walimwekesha rafiki ng'ombe, mila wanayoiita kimanagan: rafiki anatunza, anakunywa maziwa, na mwenyewe anabaki mwenyewe. Ndama wakizaliwa, wanasemwa. Akifa, ngozi inapelekwa. Na kutoka siku hiyo hao wawili si majirani tu. Mume wa Chepkurui, kabla hajafa, aliwekesha kwa baba yake Nyakundi ng'ombe wa madoadoa, akisema kwamba ng'ambo ya kijito nyasi ni tamu na watu hawana makelele. Wazee wale wawili walishalala udongoni, na Madoa bado alikuwa zizini kwa Bochaberi, mzee sasa, meno yamekwisha, lakini na maziwa ya kutosha chai na uji.

Sasa mwaka ule, watu walianza kuja kuchukua ng'ombe wao.

Hawakusema kwa nini. Walikuja jioni, kamba mkononi. Kwa Esnah, jirani wa bondeni ambaye naye alikuwa Mkisii, alikuja kijana wa mwenye ng'ombe, akafungua mlango wa zizi bila hodi, akamtoa ng'ombe waliyemtunza tangu Esnah ameolewa, akaondoka naye akitazama miguu yake mwenyewe. Wanawake hawakuhitaji kufafanuliwa. Mtu akimtoa ng'ombe wake kwako, anajua kuna kitu kinakuja ambacho hataki kimkute ng'ombe wake hapo. Huko mpakani walikuwa wameshaona kilivyokuja: nyumba imebaki kuta, na chai imeachwa ikawa miti.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajawafunua watoto blanketi, Bochaberi alienda kwanza zizini. Akimkuta Madoa anacheua, alirudi akapika uji. Madoa akiwepo, wao wapo. Nyakundi alituma ujumbe kwa dereva wa lori: ondokeni, nendeni kwa ndugu yangu Kisii. Bochaberi alifunga sufuria mbili katika gunia, kisha akazitoa, kisha akazifunga tena. Alijua wazi kwamba atakayeondoka mwaka ule hatalikuta shamba akirudi.

Aliyezunguka akiwakumbusha watu ng'ombe wao alikuwa Kiptanui, mwana wa mdogo wa marehemu mume wa Chepkurui. Alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye koti la ngozi, aliyekuwa akimfanyia kampeni mheshimiwa mmoja mtarajiwa. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa kijana ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake amepewa gari la kupanda mbele. Alimpata Chepkurui pale kituoni, majani yakiwa yamemwagwa mezani yakichaguliwa.

"Mama mkubwa, ng'ombe yako imebaki peke yake kwa Wakisii. Watu wanauliza."

"Waambie nimesikia," akasema Chepkurui, akitupa jani gumu. "Masikio yangu bado ni ya chama kimoja. Habari inaingia moja moja."

"Si mchezo. Kufika Jumapili hii kila ng'ombe iwe kwao. Kama wewe unaogopa kuenda, tutaenda sisi na vijana."

Chepkurui akaacha kuchagua majani. Alimtazama kijana kutoka viatu mpaka koti, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Itarudi," akasema. "Lakini mimi siibi ng'ombe yangu mwenyewe. Utakuja na mimi, mchana, na wazee. Na uoge."

Bochaberi alikuwa meza ya tatu. Alisikia "itarudi" na hakusikia kingine. Majani yake yalipimwa, karani akamwita jina mara mbili, naye hakuitikia.

Walikuja Alhamisi. Bochaberi aliwaona kutoka juu ya shamba, mikono imejaa chai: mbele Chepkurui katika gauni lake la kanisani, kibuyu kimening'inia begani, nyuma yake mzee Aron na wazee wenzake wawili katika makoti na kofia zao za sherehe, na nyuma kabisa Kiptanui na kamba mpya. Basi imekwisha, akasema moyoni. Akashuka. Akanawa mikono akaisahau ikiwa na maji. Na kwa sababu alikuwa mwana wa watu, alitoa viti.

Chepkurui alisalimu kana kwamba alikuwa na mwaka mzima mbele yake. Aliuliza kikohozi cha mtoto mdogo. Akauliza kuku aliyeatamia. Aliuliza mvua kana kwamba mvua ya kwa Bochaberi ilikuwa tofauti na ya kwake, mwendo wa kijito kimoja.

"Mama mkubwa, taimu," akasema Kiptanui, bado amesimama.

"Habari ya ng'ombe haisemwi na miguu," akasema mzee Aron. Huyu alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa boma vile vile, mtu mwembamba aliyezungumza taratibu mpaka ukatamani kumsaidia. "Tumefika. Tuseme. Nani anachukua ng'ombe?"

 Macho yote yakamwendea Chepkurui.

Chepkurui akainamisha kichwa. "Ng'ombe ni ya nyumba ya marehemu," akasema kwa sauti ndogo. "Mwanamke hasemi habari ya kutoa ng'ombe. Sisi ni watu wa zamani. Mambo haya ni ya wanaume."

Bochaberi alimtazama akidhani amesikia vibaya. Huyu ndiye aliyesema juu ya vyama, juu ya mimbari, juu ya nywele, sindano na suruali, na leo amekuwa bibi harusi?

"Mimi basi," akasema Kiptanui. "Mimi nasema. Tumalize."

"Polepole," mzee Aron akasema. "Mwenye ng'ombe amekufa. Atakayesema ni yule anayesimama mahali pake. Wewe unasimama mahali pa baba yako mkubwa?"

"Nasimama."

"Umeulizwa mbele ya hawa wazee."

"Nimesema nasimama! Ama nitie kidole gumba?"

"Neno linatosha," akasema mzee. "Basi keti. Aliyesimama mahali pa mtu huketi."

Wazee wengine wakacheka kidogo, kijana akaketi akinung'unika. Bochaberi akaambiwa aseme habari za ng'ombe, kama mila inavyotaka, tangu alipofika mpaka leo.

Alianza kwa sauti ndogo. Madoa alizaa kwanza ndama dume. Huyo alirudishwa kwa Chepkurui, akachinjwa siku ya matanga ya mzee. Halafu alizaa jike, akapata ndigana, akafa.

"Ngozi?" akauliza mzee Aron.

"Ililetwa," Chepkurui akajibu bila kuinua kichwa. "Nyakundi aliibeba kwa mvua."

"Niliiona," akasema mzee mwingine, "ilikuwa na doa moja begani."

Zamu ikamrudia Bochaberi. Aliendelea, na sauti ikaanza kupata miguu. Halafu Madoa alizaa jike lingine, huyo mtamba aliye zizini sasa, mwekundu, ana mimba. Alisema alivyokesha naye akikohoa. Alisema jinsi baba mkwe wake, akiwa kitandani mwa mauti, aliuliza kwanza kama ng'ombe wa rafiki yake amekunywa maji. Wazee walikuwa wakitikisa kichwa kwa kila neno. Kiptanui alitazama saa, kisha, pole pole, akaacha kuitazama.

"Amesema yote," akasema mzee Aron. "Hakuna kilichofichwa. Sasa akamuliwe mara ya mwisho hapa, na kikombe cha kwanza ni cha mwenyewe."

Bochaberi akamkamua Madoa mbele yao, paji la uso wake likiwa ubavuni mwa ng'ombe, na hapo ndipo machozi yalipata mahali pa kutokea bila kuonekana. Akaleta kikombe. Kiptanui alikuwa ametoka kwao alfajiri bila kitu tumboni, kampeni haina chakula cha asubuhi. Alikishika kwa mikono miwili akakimaliza kwa pumzi moja, akapangusa masharubu kwa mkono wa koti.

Wazee watatu walitazamana.

"Amekunywa," akasema mmoja.

"Tumeona," akasema mwingine.

Mzee Aron akajikohoza. "Basi ni hivi. Madoa anarudi nyumbani leo. Lakini aliyetunza haachwi na zizi tupu. Mtamba anabaki hapa."

"Sawa," Kiptanui akasema, ameshaanza kuinuka. "Apewe huyu mama, twende."

"Hapewi. Kama angekuwa wa marehemu tu, urafiki ungekwisha leo na mtamba angetoka pia. Lakini wewe umesimama mahali pake, mbele yetu, na maziwa umekunywa. Urafiki haukuisha, umerithiwa. Mtamba ni wako. Wewe ndiye umemwekesha hapa, leo hii. Akizaa utaambiwa. Akifa utaletewa ngozi. Na huyu mama na watoto wake ni watu wako."

Kiptanui alibaki nusu amekaa nusu amesimama. "Watu wangu vipi? Mimi nilikuja kuchukua ng'ombe!"

"Na umechukua. Hiyo kamba ni ya nini?"

"Basi nachukua wote wawili! Mtamba naye atoke!"

"Uweke na utoe kabla hujafika mlangoni?" Mzee Aron hakupandisha sauti. "Kijana, mwezi ujao tunakwenda Bomet kukuposea. Nani ataongea? Ni mimi. Baba ya msichana akiniuliza huyu ni mtu wa namna gani, niseme nini? Niseme ni yule aliyewekesha ng'ombe akainyang'anya na maziwa yake bado iko kwa masharubu?"

Kiptanui akajipangusa masharubu tena, safari hii bila kujua. Akamgeukia Chepkurui. "Mama mkubwa! Sema kitu!"

Chepkurui alikuwa ameangalia chai ya Bochaberi mpaka mwisho wa shamba, mtulivu kama mtu aliye kwenye picha. "Mimi?" akasema. "Mimi ni mwanamke tu, mwanangu. Sijui mambo hii."

Kisha akafungua kibuyu alichokuja nacho, akawamiminia wazee mursik, yale maziwa ya kugandisha, na kila mtu akanywa, hata Bochaberi, hata watoto. Kiptanui alipewa kikombe cha pili. Hakukikataa. Alikuwa bado na njaa.

Madoa alitolewa saa sita mchana. Chepkurui hakukubali apitishwe njia ya kijito, ingawa ndiyo fupi. Alimpitisha barabara kubwa, mbele ya maduka, mbele ya kinyozi, mbele ya ofisi ya kampeni yenye picha za mheshimiwa. Waliotaka kuona kwamba ng'ombe wa Chepkurui amerudi waliona. Na mzee Aron, aliyekuwa akitembea nyuma taratibu, alimwambia kila aliyemsalimu kwamba leo Kiptanui amekuwa mtu mzima, amewekesha mtamba wake kwa Nyakundi. Mpaka jioni habari zote mbili zilikuwa sokoni, na zote mbili zilikuwa za kweli.

Kabla hawajaondoka, Bochaberi alimshika mama mzee mkono pale langoni.

"Kogo," akasema, kwa lile neno lao la nyanya, "niambie tu. Nifunge mizigo ama nisifunge?"

Chepkurui akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Mimi nilikuja kuchukua ng'ombe," akasema. "Lakini huyo mtamba ana mimba. Usimpe nyasi yenye umande, itamvimbisha tumbo. Ngoja jua."

Bochaberi akarudi ndani akakaa mbele ya gunia. Hakujua kama ameponywa au ameagwa kwa heshima. Alifikiri usiku kucha juu ya neno moja la mzee: watu wake. Neno ni pumzi, na nyumba huungua kwa kiberiti. Lakini asubuhi, bila kujiamulia, alingoja jua litoke ndipo akakata majani ya ng'ombe. Na akiwa katikati ya kazi akagundua kwamba anafanya kazi ya mtu atakayekuwepo wiki ijayo. Akazitoa sufuria kwenye gunia.

Kile kitu kilikuja Jumapili mchana, wengi wakiwa bado kanisani. Kwanza ulikuwa moshi bondeni. Kisha Esnah akatokea katikati ya chai akipanda, mtoto mgongoni, wengine wawili wameshikana mikono, bila viatu, bila leso, bila sauti. Bochaberi hakuuliza. Aliwaingiza zizini nyuma ya mtamba, pamoja na watoto wake mwenyewe wawili, akafunga mlango, akasimama uani na panga la kukatia nyasi, akijua kabisa kwamba panga lile halitakata kitu.

Aliyefika kwanza alikuwa Kiptanui. Alikuja anakimbia, koti la ngozi limefunguka, jasho usoni. Hakumsalimu. Alifika langoni, akageuka, akasimama akiangalia njia.

Vijana walikuja wengi. Hawakuwa wa kijiji. Waliletwa na lori kutoka mahali wasipojulikana. Mbele alikuwa mmoja mrefu wa kofia.

"Kiptanui! Uko hapa? Hii ni kwa nani?"

"Kuna ng'ombe yangu hapa."

"Si shida. Toa ng'ombe yako, sisi tuendelee."

Bochaberi alisikia. Ilikuwa rahisi hivyo. Mlango wa zizi ulikuwa hatua chache tu, kamba ilikuwa imetundikwa pale pale. Kiptanui naye aliiona. Aliitazama kamba, kisha akamtazama Bochaberi, na kwa muda huo uso wake ulikuwa uso wa kijana anayetaka sana kurudi kwenye gari la kukaa mbele.

"Haitoki," akasema.

"Haitoki vipi? Ni mti?"

"Nimeiweka. Nimeiweka mbele ya wazee." Sauti ilimpanda, akaishusha. "Wewe kwenu hakuna wazee?"

"Mzee ni mheshimiwa! Tumetumwa!"

"Basi mwambie aje anitolee ng'ombe yangu yeye mwenyewe."

Kukawa na kelele. Mmoja akaokota jiwe. Ndipo kutoka nyuma akasogea mtu mwingine, wa umri wa makamo, aliyeonekana ameletwa pale na lori bila kuulizwa sana. Hakuwa na kofia ya chama. Alimsogelea Kiptanui mpaka karibu.

"Umekunywa hapa?" akauliza.

"Nimekunywa."

"Maziwa ya hiyo ng'ombe?"

"Ya mama yake. Kikombe kizima."

Yule mtu akashusha fimbo yake chini. Akawageukia wenzake. "Huyu amekunywa," akasema. "Mimi hapa siingii. Mwenye kutaka kuingia aingie, lakini akipatwa na kitu asiniite nimsaidie kueleza kwao."

Wa kofia alitukana kwa Kiingereza, kwa sababu kwa lugha ya mama yake isingewezekana. Jiwe likaanguka. Wakashuka njia ya kijito wakibishana, na sauti zao zikaendelea kupungua, na Kiptanui akabaki amesimama langoni mpaka zilipokwisha.

Mtoto wa Esnah akakohoa zizini.

Kiptanui akageuza kichwa. "Ni nani?"

Bochaberi angeweza kusema ni mtamba. Lakini alikuwa amechoka kuogopa. "Ni Esnah na watoto," akasema. "Kwake wamechoma. Kwake hakuna ng'ombe ya mtu."

Kijana akatazama moshi wa bondeni. Alijua vizuri ni nani aliyepita akikumbusha watu wamtoe ng'ombe wa kwa Esnah. Alitafuna mdomo wake. "Mimi nachunga mtamba," akasema mwishowe. "Aliye zizini na mtamba, ni mali ya mtamba. Mimi sijaona mtu."

Jua lilikuwa limelala upande Chepkurui alipofika kutoka kanisani, Biblia kwapani, gauni limeshika vumbi. Alilalamika kutoka njiani: mahubiri yalikuwa marefu, wale wa kwaya wameleta gitaa, mtu mzima anapiga makofi kama anafukuza mbu. Alifika langoni akanyamaza. Aliona moshi, akaiona nyumba ya Bochaberi bado ina paa lake, akamwona mwana wa shemeji yake amekaa chini kando ya lango, na kupitia nafasi za mbao za zizi akaona macho ya watoto. Akafunga macho yake kidogo. Bochaberi alidhani anaomba. Labda alikuwa anaomba. Midomo yake ilitikisika kama ya mtu anayegombana na Mungu kwa heshima.

"Watoke," akasema. "Watoto hawali zizini."

Akaingia jikoni bila kukaribishwa, akawasha moto, akaonja unga, akaukosoa. Akapanga sufuria. Alipoinua mtungi wa maji akaukuta mtupu. Mtoni hakuna mwanamke ambaye angetumwa jioni ile.

Chepkurui akatoka na mtungi akamwekea Kiptanui miguuni.

Kijana akautazama, kisha akamtazama yeye. Mama huyu ndiye aliyekuwa amesema maisha yake yote kwamba siku mwanamume wa ukoo wao atakapobeba mtungi, malaika waanze kupuliza tarumbeta.

"Mama mkubwa," akasema, "watu wataniona."

"Ndiyo nataka," akasema Chepkurui. "Pita njia ile ya juu, mbele ya boma zote. Wakikuuliza unamchotea nani, uwaambie. Usiseme polepole."

Kiptanui akavua koti la ngozi. Bochaberi akalipokea, hakujua aliweke wapi, akalitundika kwenye mwiba wa ua. Kijana akauinua mtungi begani vibaya, kama mtu ambaye hajawahi, na Esnah, ambaye alikuwa hajasema neno tangu atoke bondeni, akamsogelea akamwonyesha jinsi unavyoshikwa.